Kufuga madume wawili na kuwachinja nyumbani: jibu kwa ndugu wa jirani na Jozani

Assalamu alaykum. Ndugu yangu, umeuliza kama inafaa ununue madume wawili wa kienyeji, uwafuge nyuma ya nyumba, kisha umchinje mmoja kwa harusi ya binti yako na mwengine kwa Idi Kubwa, na umetaka hasa kujua namna ya kuchinja na kupasua. Mimi nafuga huku Pemba, upande wa Wete, kazi niliyoirithi kwa baba, na nitaanza na ufugaji kwa sababu naamini nyama nzuri hupatikana au hupotea kabla kisu hakijanolewa.

Umesema wazee wenu wanakuonya kwamba ng'ombe hakai karibu na msitu wa Jozani. Onyo hilo lilikuwa la haki zama zao, kwani mbung'o wa Unguja walikuwa wakieneza nagana, ugonjwa unaodhoofisha na kuua ng'ombe. Lakini mbung'o hao walimalizwa kwa kuachiwa mbung'o madume waliofanywa tasa kwa mionzi, na tangu 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina tena. Sisi Pemba hatukuwa nao kabisa. Adui aliyebaki kote kuwili ni kupe, hasa yule wa kahawia apendaye kujificha ndani ya sikio, ambaye ndiye aletaye ugonjwa wa ndigana kali. Kila asubuhi unapomhamisha ng'ombe kamba, ingiza vidole sikioni, kisha upapase tezi iliyo chini yake. Ukiikuta imevimba mfano wa yai na mnyama ana homa, mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo, maana dawa ya buparvakuoni husaidia sana mapema na husaidia kidogo mno maji yakishajaa mapafuni.

Kuhusu malisho, usihadaike na wingi wa majani ya masika. Dume wa kilo 200 anahitaji kiasi cha kilo 20 za majani mabichi kwa siku, na zaidi yakiwa na maji mengi, na Januari na Februari, kaskazi inapokausha kila kitu, hutayapata kandokando ya barabara. Panda majani ya tembo sasa. Pumba za mpunga na mashudu ya nazi huongeza mwili vizuri, na maganda ya muhogo pia yanafaa, ila ya muhogo mchungu lazima yaanikwe jua hadi yakauke, kwani mabichi yana sumu ya sianidi. Muepushe na jaa. Nimeona tumbo kubwa la ng'ombe likipasuliwa na ndani yake mna mifuko ya plastiki iliyojisokota pamoja kuwa fundo gumu, na mnyama yule alikuwa akila kila siku na bado mbavu zake zikihesabika.

Kwa dume wa Idi, angalia meno wakati wa kununua. Udhia hutaka ng'ombe aliyetimiza miaka miwili, na dalili ya karibu ni kutoka kwa meno mawili makubwa ya mbele. Awe pia hana chongo, hachechemei wala hajadhoofu, na mnaweza kushirikiana hadi watu saba. Dawa yoyote anayopigwa iandike tarehe, na usichinje kabla ya kwisha muda uliotajwa kwenye kibandiko, ambao kwa oksitetrasiklini ya kukaa muda mrefu mwilini mara nyingi ni siku 28.

Siku moja kabla ya kuchinja, mnyama apumzike kivulini, asile, lakini maji apewe tele. Jambo hili watu hulidharau, nami linaniuma. Ng'ombe aliyekokotwa juani na kupigwa hutumia sukari yote ya misuli yake, na sukari hiyo ndiyo ambayo baada ya kufa hugeuka tindikali inayoifanya nyama iwe nyekundu safi na kudumu. Isipokuwepo, nyama huwa nyeusi, yenye kunata, na huharibika upesi. Kisu kinolewe mbali na macho yake. Mlazeni kwa ubavu wa kushoto akielekea Kibla, na mchinjaji, baada ya kutaja jina la Mwenyezi Mungu, akate koo, umio na mishipa miwili ya damu kwa mkupuo bila ya kuinua kisu. Kisha subirini. Kuanza kuchuna kabla roho haijatoka ni dhulma kwa mnyama.

Katika kuchuna, shika kanuni moja: mkono unaoshika manyoya usishike nyama. Sisi humtenga mtu mmoja avute ngozi tu. Fungeni umio kwa kamba, na utumbo wa haja vivyo hivyo, kabla ya kupasua tumbo, na mzoga ukiweza kuinuliwa kwa kapi kwenye tawi la mwembe, matumbo yatashuka yenyewe. Nyongo itengwe na ini taratibu, maana ikipasuka huchafua kila inapogusa.

Bwana mifugo umwarifu mapema, amuone mnyama akiwa hai, kisha akague mapafu, ini na tezi kabla hamjagawana chochote. Kiungo atakachokikataa kizikwe kwa kina, wala mbwa na paka wasipewe. Ukaguzi huu ni wa lazima hata kwa nyama ya sadaka, kwani jirani hula kwa kukuamini.

Dume wa kilo 250 atakupa mzoga wa chini kidogo ya nusu ya uzito huo. Nyama msiirundike ikiwa ya moto. Itandazeni juu ya majani ya mgomba yaliyooshwa, ipate upepo. Kwa harusi mnaweza kuchinja alfajiri, ila udhia husubiri swala ya Idi na jua huwa limeshapanda, kwa hivyo kivuli kitayarishwe tangu usiku. Shingo na mikono peleka kwenye pilau, na sarara, ukiwa na friji, ilaze siku mbili ilainike.

Ukishawapata madume, niandikie hali ya meno yao na uzito wa kukisia, tupange pamoja chakula cha miezi ya kaskazi.