Fundi wa krasha anaweza kufika umeneja?

Mdogo wangu, umemaliza ufundi mitambo VETA, umeitwa kwenye krasha, yaani mtambo wa kuvunja mawe kuwa kokoto, huko Lugoba, na unauliza kama huko kuna njia ya kufika umeneja. Ipo, nenda. Ila usiishie kwenye grisi na beringi. Jifunze kwa nini taya zinazovunja mawe zinalika zaidi upande mmoja, kwa nini mkanda wa kubebea mawe unahama, na chekeche likitoboka jinsi mawe makubwa yanavyoingia kwenye kokoto za nusu inchi. Hapo mteja wa zege anarudisha lori zima. Andika kila mara mashine inaposimama, muda na sababu. Wengi hawaandiki, ndiyo maana wanabaki mafundi. Baadaye tafuta stashahada ya uhandisi migodi. Baruti waachie wenye cheti. Barakoa ya vumbi idai siku ya kwanza kabisa, maana mapafu yakiharibiwa na silika, madini yaliyomo kwenye vumbi la mawe, hayaponi.