Kwa dada wa Majengo anayeiona volkano kila akiwasha mbabula

Dada, umeuliza kwa nini ukiwasha mbabula, jiko la makaa, jioni unaiona tena ile Jumamosi ya 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka karibu na Goma yetu, na kama ni wazimu. Si wazimu. Mimi nilikuwa Buhene, mtaa uliofikiwa na lava. Zaidi ya mwaka mzima, lori zito likipita na cherehani ikatikisika, nilijikuta mlangoni, mkono unapapasa kumshika mtoto ambaye wakati huo yuko shule.

Mshauri wa kwanza niliyemwendea aliniambia nisahau tu. Nikakazana kusahau, picha zikazidi. Wa pili, mama mmoja mpole wa kituo cha afya, aliniuliza: kabla tu ya picha kuja, ulisikia nini, ulinusa nini, ulihisi nini? Nikaandika siku kumi nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Karibu kila mara, mtikisiko. Unakumbuka lava iliposimama ardhi iliendelea kutetemeka, hadi tarehe 27 tukaamriwa kuhama, tukashika njia ya Sake na magodoro kichwani. Kumbukumbu ya hofu kubwa haina tarehe: ikiguswa na kitu kinachofanana, inakuja kama jambo la sasa hivi.

Kwa hiyo lori likipita natafuta tofauti, tena kwa sauti. Siku ile mbingu ilikuwa nyekundu, leo naona mawingu. Siku ile ardhi ilirudia, leo lori limeshakata kona. Wewe sema: makaa haya nimeyawasha mwenyewe, yako ndani ya bati, nikitaka nayazima.

Kuhusu mchezo wa simu uliosikia kuwa unapunguza picha hizo, si uzushi. Mwaka 2009 mtafiti Emily Holmes na wenzake, Uingereza, waliwaonyesha watu filamu ya kutisha. Nusu saa baadaye baadhi yao wakacheza Tetris, mchezo wa kupanga vipande vinavyoanguka, dakika 10. Wiki iliyofuata picha ziliwarudia mara chache kuliko wenzao. Akili inayopanga maumbo hukosa nafasi ya kuchora tukio. Mchezo wa maswali na majibu ya maneno, walipoujaribu baadaye badala ya Tetris, haukusaidia. Mimi picha ikija napanga vipande vya shati juu ya kitenge, nikibana kitambaa kisipotee. Hilo ni langu, sikuapii.

Ila ile sehemu uliyoandika, ulipopotezana na mama yako barabarani, usiichokonoe usiku ukiwa peke yako. Ipeleke kwa mshauri.

Lori bado linanishtua. Lakini siinuki tena, na mshono haupindi.