Ni lini utoe boti majini kabla ya baridi kuingia

Wenye boti wengi hungoja mojawapo ya mambo mawili kabla ya kufunga msimu: jalidi ya kwanza, au wikiendi mbaya itakayowakatisha tamaa. Yote mawili huja yamechelewa. Kwa miaka ambayo nimekuwa na boti kwenye maji yanayoganda, nimekuja kuamini kipimo kimoja kuliko vingine vyote, nacho ni joto la maji yenyewe. Yakifika nyuzijoto 10, msimu wangu umekwisha, hata jua liwake vipi na hata utabiri uahidi wiki nzima ya utulivu.

Najua inauma. Baadhi ya siku nzuri kuliko zote za mwaka huja wakati huohuo: majani yamegeuka rangi, kelele za kiangazi zimekwisha, ziwa lote ni lako. Siku hizo ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hewa na maji havipoi pamoja. Maji hushika joto na kuliachia polepole, kwa hiyo majani yanapoanza kupukutika unaweza kukuta maji yana joto kuliko hewa ya alfajiri. Kisha unavuma upepo wa siku mbili tatu, unayavuruga, ya chini yaliyo baridi yanapanda juu, na kipimajoto kinashuka ghafla. Jua likirudi, linapasha hewa tu. Umekaa kwenye boti na shati jepesi, hewa ina nyuzi 18, na chini yako kuna maji ya nyuzi 9. Ukiteleza, hayo ya nyuzi 9 ndiyo yatakayokupokea.

Gordon Giesbrecht, profesa wa Kanada aliyeutafiti mwili wa binadamu kwenye baridi kwa miaka mingi, alilifupisha jambo hili kwa tarakimu tatu: 1, 10, 1. Kwenye maji baridi sana una takriban dakika 1 ya kuidhibiti pumzi, maana mwili hushtuka na kuvuta hewa kwa nguvu bila ridhaa yako, na kama kichwa kiko chini ya maji unavuta maji. Halafu una kama dakika 10 ambazo mikono bado inakutii. Baada ya hapo vidole havishiki kamba wala ngazi. Saa 1 ndiyo muda wa kukaribia kupoteza fahamu kwa joto la mwili kushuka. Watu huogopa ile saa moja, lakini wengi hawafiki huko. Wanazama katika dakika za mwanzo, tena wengine ni waogeleaji hodari. Ndiyo maana nasema swali la kujiuliza ni hili: nikianguka sasa hivi, nitaweza kurudi ndani ya boti kwa mikono yangu? Lijaribu jambo hilo kiangazi, maji yakiwa na joto, ukiwa umevaa nguo zako zote na mtu yuko karibu. Ukishindwa kiangazi, usitarajie muujiza majani yakishapukutika.

Mshtuko huo hauanzi kwenye nyuzi 10. Maji yakishuka chini ya 15 tayari unaweza kuwa mkali. Kwa hiyo kati ya 15 na 10 natoka, ila kwa masharti. Kila mtu anavaa jaketi okozi tangu gatini, havai “tukifika mbali”. Siendi peke yangu. Sivuki katikati, nafuata ukingo. Simu inakaa kwenye mfuko usioingia maji, ndani ya nguo, maana iliyoachwa kwenye kiti haimsaidii aliye majini. Na nakuwa nimerudi mapema kabla ya machweo, kwa sababu huku kaskazini mwa dunia, kuanzia mwishoni mwa Septemba usiku unakuwa mrefu kuliko mchana na giza linawahi kuliko ulivyozoea. Zipo sehemu ambazo sheria yenyewe imelitambua hili: jimbo la New York linamtaka kila aliye kwenye chombo cha starehe kifupi kuliko futi 21 avae jaketi kuanzia Novemba 1 hadi Mei 1. Mimi nisingengoja Novemba.

Upepo nao si ule wa Julai. Hewa baridi ikipita juu ya maji ambayo bado yana joto, ile ya chini inapashwa na kupanda, na upepo mkali wa juu unateremka hadi usoni mwa maji. Isitoshe, hewa baridi ni nzito zaidi, kwa hiyo hata mwendo uleule wa upepo unasukuma kwa nguvu zaidi. Mabaharia wa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini wanaiogopa Novemba kwa haki kabisa: tarehe 10 Novemba 1975 meli ya mizigo Edmund Fitzgerald, yenye urefu wa mita 222, ilizama katika Ziwa Superior pamoja na watu wote 29 waliokuwamo. Boti yako ya mita tano haina sababu ya kulijaribu ziwa mwezi huo.

Angalia pia nani amebaki majini. Maboya ya kuonyesha njia yakishaondolewa, pampu ya mafuta imefungwa na gati ni tupu, ujue injini ikizima hakuna wa kupita akakuvuta.

Sasa injini, ambayo ina tarehe yake tofauti na ya mwili wako. Maji yakiganda yanavimba kwa karibu asilimia 9, na chuma hakistahimili msukumo huo. Injini iliyo ndani ya boti na inayopozwa kwa maji ya ziwa hubakiza maji kwenye bloku, yaani kiwiliwili cha chuma cha injini, na usiku mmoja wa baridi kali unaweza kuipasua. Injini ya kufunga nyuma ina unafuu, kwani ukiisimamisha wima maji hutiririka yenyewe. Ukiiacha imeinamishwa, mengine yanabaki. Kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei: boti iliyo majini haipatwi haraka na baridi ya mwanzo, kwa sababu maji ya nyuzi 10 yanaipasha. Iliyopandishwa kwenye tela ndiyo inayopigwa na jalidi pande zote. Kwa hiyo usiivute leo ukaacha kuiandaa hadi Jumamosi ijayo. Siku ya kuitoa iwe ndiyo siku ya kuondoa maji kwenye injini, kuchomoa nguruzi (kizibo cha tundu la chini ya boti) ili maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya boti, yatoke, na kumwaga oili ya gia. Oili hiyo ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yamepenya kwenye sili, yaani mpira wa kuzuia maji yasiingie. Yakigandia humo yatapasua kasha la gia, basi badilisha sili kabla ya baridi.

Mafuta usiyasahau. Petroli yenye ethanoli hunyonya unyevu, na ikikaa miezi huharibika na kuziba kabureta. Tia dawa ya kuhifadhi mafuta boti ikiwa bado majini, kisha endesha injini dakika kumi hivi ili dawa ifike kila mahali. Betri nayo ichajiwe hadi ijae: iliyojaa haigandi hata kwenye nyuzi 50 chini ya sifuri, lakini iliyoisha chaji inaweza kuganda nyuzi chache tu chini ya sifuri.

Kuhusu tarehe yenyewe, mimi huipanga Agosti, nikiwa bado sina uchungu wa kuagana na ziwa. Kila nikitoka hupima joto la maji na kuliandika kwenye daftari la boti, kwa hiyo najua kwa kawaida lini yanakaribia nyuzi 10 pale nilipo. Narudi nyuma wiki moja kutoka hapo, halafu nampigia mwenye winchi aniwekee nafasi. Akiwa na nafasi mbili, nachukua ya mapema, kwani ile ya pili kila mtu ataigombania siku utabiri utakapotaja theluji.