Kwa nini lami huzama milimani? Mhandisi wa barabara anamjibu dereva wa semi

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni dereva wa semi, makazi yangu Tabata, napeleka mizigo ya bandarini hadi Tunduma na kuvuka Zambia. Kuanzia Chalinze mpaka Mbeya, karibu kila penye mlima njia ya kushoto imezama, tairi zinaingia kama zimewekwa kwenye reli. Njia ya kulia iko sawa, na kwenye tambarare hakuna shida. Sisi madereva tunaambiwa tunazidisha uzito, abiria wanasema mkandarasi kachakachua lami. Ukweli ni upi? Na hiyo barabara ya haraka ya kulipia inayopangwa Kibaha–Chalinze–Morogoro, kwa nini isimwagwe zege tangu mwanzo tukapumzika?

JIBU: Marahaba, ndugu dereva. Umeangalia vizuri, na hilo la kushoto kuzama huku kulia kukiwa salama ndilo la kuanza nalo. Kwa kawaida njia zote mbili hutandikwa na mkandarasi yuleyule, kwa lami ya mtambo uleule. Ingekuwa lami mbovu tu, zingezama zote. Tofauti iko kwa anayepita juu yake, na kwa mwendo anaopita nao: kushoto ndiko malori yenye mzigo yanakopandia polepole.

Tabaka la juu la barabara ni kokoto na mchanga vilivyoshikanishwa na lami, na lami ni kitu kinachosikiliza joto na muda. Ukiigonga ghafla inakuwa ngumu. Ukiikandamiza polepole inasogea. Aina tuliyoizoea nchini ni ya daraja la 60/70 (namba zinazoonesha ugumu wake), ambayo huanza kulainika kati ya nyuzi joto 48 na 56. Mchana wa jua kali, uso wa barabara unaweza kufika nyuzi 60 na kupita. Sasa chukua tairi lako. Sehemu inayogusa barabara tuseme ina urefu wa sentimita 30. Ukiwa tambarare kwa kilomita 80 kwa saa, sehemu hiyo inapita juu ya alama moja ya lami kwa sekunde 0.013 hivi. Ukipanda mlima Kitonga na mzigo kamili kwa kilomita 10 kwa saa, inakaa juu ya alama hiyohiyo kwa sekunde 0.11. Ni mara nane. Mzigo haujaongezeka hata kilo moja, lakini lami imepewa muda mara nane zaidi wa kusogea, tena ikiwa imelainishwa na jua. Kila ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, inaacha mbonyeo usioonekana kwa jicho, na mibonyeo hiyo hairudi yote. Inajumlishana, lori baada ya lori.

Ndiyo maana mifereji ya namna hiyo utaikuta pia kwenye mataa, kwenye foleni ya mizani na kwenye vituo vya mabasi. Hapa Dar, njia za mwendokasi za awamu ya kwanza zilimwagwa zege, na nauona kuwa uamuzi sahihi: basi zito linapita mstari uleule kutwa nzima, linasimama na kuondoka palepale.

Uzito nao una kesi yake. Mwongozo wetu wa usanifu wa barabara wa 1999 unapima uharibifu kwa kulinganisha kila ekseli na ekseli ya kawaida ya kilo 8,160, na uharibifu unapanda kwa kipeo cha 4.5, yaani haraka kuliko uzito wenyewe. Mzizi wa hesabu za namna hii ni majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, ambako malori yalizungushwa kwenye vipande vya barabara hadi vikaharibika. Ekseli moja ya tairi pacha yenye tani 10, ambao ndio mwisho wa sheria, inaumiza barabara kama ekseli za kawaida 2.5. Ipakie tani 12 na inakuwa 5.7. Umeongeza uzito asilimia 20, madhara yamezidi mara mbili.

Hapa kuna jambo ambalo madereva wengi hawaelezwi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, tuliyoanza kuitekeleza Machi 2019, inaruhusu jumla ya tani 56 kwa gari la ekseli saba. Lakini barabara haijui jumla, inajua kila ekseli. Shaba ni nzito na haichukui nafasi, kwa hiyo mafungu machache yakiwekwa nyuma kidogo tu, ekseli za nyuma zinazidi kiwango huku jumla ikiwa halali. Ukipakia kule Zambia kurudi Dar, omba uoneshwe vipimo vya kila kundi la ekseli kabla hujatoka, usitosheke na jumla.

Hata hivyo mkandarasi hatumwachii hivihivi. Kuna mchanganyiko unaostahimili mlima na kuna usiostahimili, na dalili zinaonekana ukishuka kwenye gari ukainama. Tazama kingo za mfereji. Kama lami imevimba pembeni na kutengeneza tuta dogo kila upande, tabaka la juu lenyewe ndilo lililosukumwa. Kama mfereji ni mpana, hauna tuta pembeni, na una nyufa zilizosukana ndani yake, basi kilichoshuka ni tabaka za chini: kifusi, msingi au udongo wenyewe, mara nyingi kwa sababu maji yameingia. Sisi tunalaza rula ya chuma ya mita 3 kukatiza njia na kupima kina chini yake, kisha tunakata mtaro mwembamba kukatiza njia na kuangalia ni tabaka gani limepinda. Ukiona mstari wa msingi umenyooka huku lami imepinda, huna haja ya kubishana na mtu.

Kwenye lami iliyosukumwa, ninachokagua kwanza ni matundu ya hewa. Mchanganyiko unahitaji kubaki na matundu kidogo hata baada ya kushindiliwa na malori kwa miaka. Yakishuka chini ya asilimia 3, kokoto zinaacha kugusana vizuri na kinachobeba lori ni lami laini. Kwa milima yenye malori mazito, kupima sampuli ya maabara kwa mapigo 75 ya nyundo kila upande hakutoshi. Sampuli igongwe mpaka ikatae kushuka tena, na hapo bado ibaki na asilimia 3 ya matundu. Lami ikizidi kwenye mchanganyiko, hata kwa nia njema ya kufanya barabara ing'ae na kuzuia maji, mlimani itazama. Kwa hiyo wakati mwingine kosa si lami kupunguzwa, ni lami kuzidi.

Sasa zege. Zege halilainiki kwa jua, na saruji tunaichoma wenyewe hapa Wazo wakati lami tunaagiza nje. Hizo ni hoja nzito. Lakini zege linataka msingi usiotikisika, maungio yanayozibwa kila mara, na siku kadhaa za kukomaa kabla gari halijapita. Likipasuka kwa uzito uliozidi, si rahisi kulikarabati usiku mmoja ukafungua asubuhi. Mimi ningelitumia mahali lami inapoteseka: njia za kupandia milima, maingilio ya mizani, vituo vya kulipia. Tambarare ningebaki na lami nene iliyosanifiwa vizuri, na palipo na joto na msongamano niongeze polima (kemikali za jamii ya plastiki au mpira) ili isilainike mapema.

Ila kwa barabara ya haraka wasiwasi wangu mkubwa hauko kwenye zege wala lami. Barabara ya zamani ya kwenda Zambia, kwa sehemu kubwa, ilijengwa kwa lami baada ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo) kujitangazia uhuru Novemba 1965 na Zambia kulazimika kupitishia mafuta na shaba yake Dar es Salaam. Malori ya wakati huo yalikuwa madogo kwa haya ya leo. Barabara mpya ikija na tozo isiyo na faida kwa mwenye lori, magari madogo yatahamia huko na semi zitabaki kwenye barabara ya zamani, palepale ambapo imeshachoka. Tozo ya lori ipangwe kwa kuzingatia mafuta na saa anazookoa dereva kwenye barabara ya haraka, na mizani ya kupima gari likiwa kwenye mwendo iwekwe kwenye barabara zote mbili.