Kushusha nukta kwenye mstari kwa pembe mraba

Ndugu, umeuliza jinsi ya kupata mahali kwenye mstari ambapo nukta iliyo nje yake inaangukia kwa pembe mraba. Huhitaji kutafuta mlinganyo wa mstari kwanza. Umesema mstari unapita A(1, 2) na B(5, 4), na nukta yako ni P(2, 7). Anza na tofauti: kutoka A hadi B ni (4, 2), kutoka A hadi P ni (1, 5). Zidisha x kwa x, y kwa y, jumlisha: 4×1 + 2×5 = 14. Kisha AB kwa yenyewe: 16 + 4 = 20. Gawanya: 14/20 = 0.7. Hiyo tuiite t. Maana yake, toka A uelekee B, ukifika asilimia 70 ya njia simama: (1 + 0.7×4, 2 + 0.7×2) = (3.8, 3.4).

Hakiki: kutoka hapo hadi P ni (−1.8, 3.6). Ukizidisha vilevile na (4, 2) unapata −7.2 + 7.2 = 0, basi ni nyuzi 90 kweli.

Njia ya mteremko (½ wa AB, na −2 wa mstari unaoukata kwa pembe mraba) inaleta jibu hilohilo, ila mstari ukiwa wima inakwama, maana mteremko haupo. Kwenye programu utajikuta unagawanya kwa sifuri. Njia hii ya t inakwama tu A na B zikiwa nukta moja, na hapo mstari wenyewe uko wapi?

Kama unataka nukta iliyo karibu zaidi na P kwenye kipande cha A hadi B peke yake, si mstari mzima, angalia t: ikiwa chini ya 0 chukua A, ikizidi 1 chukua B. Vipimo vitatu? Ongeza z, basi.