Kwa nini Great Salt Lake ina rangi mbili?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimeona picha ya Great Salt Lake, kule Utah, Marekani, iliyopigwa kutoka angani. Upande mmoja maji ni ya kijani-buluu, upande wa pili ya waridi, na mpaka wake umenyooka kama uliopigwa rula. Natron naijua kwa wekundu wake, lakini haikukatwa hivyo. Inakuwaje? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Marahaba. Mpaka huo ni tuta la reli, la mawe na kifusi, lililokamilika mwaka 1959. Mito mikubwa yote mitatu, Bear, Weber na Jordan, inaingia kusini mwa tuta. Kaskazini inategemea mvua na maji yanayopenya tutani. Ziwa lenyewe halina mto wa kutokea: jua linachukua maji, chumvi inabaki. Chemsha lita moja ya maji ya kaskazini mpaka ikauke, sufuria itabaki na zaidi ya gramu 300 za chumvi. Ya bahari ingebakiza kama 35. Waridi ni ya vijidudu na mwani wanaostahimili ukali huo. Natron nako ni viumbe wa namna hiyo, ila kule ni magadi, huku zaidi ni chumvi ya kawaida ya kupikia.

Mahali pa kupatazama hasa ni uwazi wa daraja uliofunguliwa tutani Desemba 2016. Hapo maji hupishana: mepesi ya kusini yanapita juu kwenda kaskazini, mazito ya kaskazini yanarudi kwa chini. Mwaka 2022 ziwa lilishuka kuliko wakati wowote tangu lianze kupimwa, na chumvi ya kusini ikakaribia asilimia 19. Uduvi na nzi wa ziwani, chakula cha mamilioni ya ndege wanaohama, wakawa hatarini. Mapema 2023 kizingiti cha mawe chini ya daraja kikainuliwa ili maji mazito yasirudi. Theluji ya mwaka huo ilikuwa nyingi. Ilipoyeyuka, kusini kukajaa na chumvi ikapungua. Kaskazini kukabaki chini, kukiwa kumenyimwa maji.

Mimi nakiona kizingiti hicho kuwa huduma ya kwanza. Maji mengi ya mito ile huchepushwa kabla hayajafika, sehemu kubwa kumwagilia majani ya mifugo, na huko ndiko ziwa linakokaukia.