Uliza Mthamini: X nyekundu ukutani, choo kimeanguka, na aliyesaini ni shemeji

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Kanda ya Ziwa, Tanzania, kwa watu wanaosubiri fidia ili wapishe migodi. Hii ya kwanza nimeisoma mara tatu. Majina ya vijiji na ya migodi nimeyaacha kwa makusudi.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa watoto watano, naishi jirani na mgodi wa dhahabu. Shimo lao linakuja upande wetu. Wakilipua baruti mchana, sahani zinacheza kabatini. Mwaka jana mwezi wa nne walikuja wathamini, wakatupiga picha kila mmoja kashika kibao cha namba, wakapaka X nyekundu ukutani. Mwenyekiti akatangaza hakuna kujenga, hakuna kupanda miti. Leo ni miezi 16, hatujaona hata shilingi. Masika yaliangusha choo changu na naogopa kujenga kingine, tunakwenda kwa jirani. Mume wangu yuko machimboni Chunya. Siku ya uthamini hakuwepo, mimi nilikuwa kliniki na mtoto, kwa hiyo aliyesimama kwenye picha na kusaini fomu ni shemeji yangu. Sasa tunaambiwa tuchague: fedha taslimu, au nyumba ya tofali na bati kwenye eneo jipya, kilomita 14 kutoka hapa. Shemeji anataka fedha. Na majirani waliotegesha vyumba kumi kumi, yaani waliovijenga haraka ili vilipwe fidia, wananicheka, wananiita mshamba. Nifanyeje? – Mama Kulwa na Doto

JIBU: Marahaba, Mama Kulwa. Kabla hatujagusa sheria yoyote, jenga choo. Jenga wiki hii. Tangazo la mwenyekiti lina maana moja tu, kwamba kitakachoongezwa baada ya siku ya ukomo, yaani siku ya mwisho ya kuhesabu mali, hakitalipwa. Halikusema watoto watano waishi bila choo. Tumia miti, nyasi na mabati makuukuu, usizike fedha nyingi pale. Kile kilichoanguka kilihesabiwa kikiwa kimesimama, basi hakikisha kimo kwenye fomu.

Na hiyo fomu unayo? Hukuitaja, nami nashuku nakala iko kwa shemeji. Ipige picha kwa simu, pande zote mbili.

Sasa hiyo miezi 16. Wewe unahesabu tangu rangi ilipopakwa, lakini Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inaanzia kwingine: siku Mthamini Mkuu wa Serikali alipoidhinisha taarifa ya uthamini. Kabla ya kumfikia, jedwali la fidia, ile orodha ya nani analipwa nini, hupita kwenye mikono mingi, kuanzia kijijini na kata hadi wilayani na mkoani, na kila mmoja ana kalamu yake na safari zake. Nimewahi kuona jedwali likilala mezani tangu mahindi yanapandwa hadi yanavunwa kwa sababu ukurasa mmoja ulikosa muhuri. Taarifa ikishaidhinishwa, fidia inatakiwa ilipwe ndani ya miezi 6, na ikizidi hapo inaongezwa riba. Ikipita miaka 2 bila malipo, uthamini huo umekwisha nguvu na lazima urudiwe kwa bei za wakati huo. Kwa hiyo nenda kwa mtendaji wa kijiji na swali la mstari mmoja: "Jedwali letu liliidhinishwa tarehe ngapi?" Liandike kwenye karatasi, peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea ubaki nayo. Wakikuambia halijaidhinishwa, usirudi nyumbani umenuna. Hiyo kwako ni habari njema, na sababu yake iko hapo chini.

Hili la shemeji ndilo limenifanya nisome barua yako mara tatu.

Miaka ya nyuma, nikiwa bado kazini, tulifika kijiji kimoja cha wakulima wa mpunga. Boma lenyewe lilizungushiwa minyaa, limefagiliwa safi. Akatoka mwanamume, akasema karibuni, hapa kwetu. Nikampa kibao, kijana wangu akapiga picha, nikaandika: nyumba ya tope vyumba viwili, kihenge kimoja, zizi, miembe miwili, mchungwa mmoja, majaluba manne ya mpunga. Dakika 20 hazikufika. Nilipokuwa nyumba ya tatu mbele, akapita mama na ndoo ya maji kichwani. Akasimama. Akautazama ubao wangu wa kuandikia, akanitazama mimi, akaendelea na njia yake. Hakusema neno. Alikuwa mjane, na nyumba niliyoandika ilikuwa yake; yule mwanamume alikuwa mdogo wa marehemu. Nilikuja kujua baada ya malipo, wakati pikipiki mpya ilishanunuliwa. Ile fomu ilikuwa sahihi kuanzia mwembe hadi mchungwa, kasoro jina. Tangu siku hiyo, kila boma nililoingia nilianza kwa kuuliza nani anapika hapa, nani alipanda hiki, na nilimsubiri huyo hata kama gari lilikuwa linapiga honi.

Sisemi shemeji yako ni kama yule. Inawezekana alisimama kwa nia njema, maana mtu lazima awepo kwenye picha. Ndiyo maana nakushauri uanze na wazee wa ukoo na mwenyekiti wa kitongoji, kwa sauti ya chini: shemeji alitusaidia siku ile, sasa tunarekebisha jina. Mumeo apige simu mbele yao, kisha aandike barua na kuituma, ataje jina lako na lake. Barua hiyo iambatane na ombi kwa mtendaji la kurekebisha mlipwaji. Kama jedwali bado halijaidhinishwa, marekebisho hayo ni kazi ndogo. Likishaidhinishwa, utazungushwa, lakini usikate tamaa. Na wakikuambia "mwanamke subiri mumeo", wajibu kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu hata mume mwenyewe kuitoa nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe, sembuse mdogo wake. Ombeni fedha ziingie akaunti yenye majina yenu wawili. Ukikwama, nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, uulizie wasaidizi wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanasajiliwa rasmi, na kwa mtu asiye na uwezo huduma yao ni bure.

Fedha au nyumba? Ngoja kwanza tuone fedha hizo zinatengenezwaje. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataka walipe thamani ya ardhi na maendelezo yaliyo juu yake, posho ya usumbufu, usafiri wa mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20, na posho ya malazi, ambayo ni kodi ya nyumba kama yako mara miezi 36. Kama chumba na sebule huko kwenu hupangishwa shilingi 20,000 kwa mwezi, hiyo ni 720,000. Kagua jedwali lako uone kila kipengele kina namba. Wengi hutazama jumla chini wakafurahi, hawaoni kwamba mstari wa malazi umeachwa wazi.

Nyumba ya tope ndipo mahesabu yanapouma. Kwa mazoea yetu wathamini, tunakadiria gharama ya kuijenga upya, halafu tunakata uchakavu. Nyumba ya miaka kumi inakatwa uzee kama ng'ombe mnadani. Mwenye nyumba anabaki na fedha zisizotosha kujenga hata ileile ya tope. Wakopeshaji wakubwa wa kimataifa kama IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni binafsi, wana masharti yao kuhusu kuhamisha watu, na moja ni kwamba fidia ijenge upya kilichopotea, pasipo kukata huo uchakavu. Ikiwa mgodi wenu umekopa huko, mkutano wa kijiji una haki ya kuuliza kwa nini nyumba zenu zimekatwa.

Kwa hiyo mimi, ningekuwa wewe, ningeegemea nyumba. Lakini ukweli, Mama Kulwa, bati si hoja. Hoja ni udongo. Nenda huko kilomita 14 na jembe lako mwenyewe, usiende kwa gari la wageni linalowaonyesha nyumba za mfano. Chimba sehemu tatu. Ni ile mbuga nyeusi inayoshika maji ya mpunga, au ni kichanga chekundu? Maji ya kunywa yako wapi mwezi wa tisa, si mwezi wa nne? Ng'ombe watalala wapi kwenye kiwanja hicho, na kihenge utakiweka upande gani? Nimeona nyumba nzuri za mstari mmoja, milango ya rangi ileile, na akina mama wakianika udaga barabarani kwa kukosa ua.

Kanuni hizohizo za 2001 zina kitu ambacho watu hawakiombi kwa sababu hawajui kimeandikwa. Badala ya fedha, Serikali inaweza kutoa shamba la ubora na ukubwa unaolingana na la zamani, jengo linalolingana, miche ya mimea, hata nafaka na vyakula vya msingi kwa muda maalumu mpaka mvune. Inaweza, hailazimiki. Basi ombeni kwa muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, si kwa manung'uniko kilabuni. Na ngitili yenu, yale malisho ya akiba? Hakuna fomu ya mtu binafsi yenye mstari wa ngitili, kwa sababu ni ya wote, na cha wote hupotea kimyakimya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka fidia ikubaliwe kabla ardhi ya kijiji haijahamishwa. Hapo ndipo malisho, kisima na uwanja wa shule vinapotakiwa kutajwa, na mwenye kuvitaja ni mkutano mkuu.

Anayekuambia uchukue fedha kwa sababu "mgodi utaleta ajira", muulize habari za mgodi wa dhahabu wa Buzwagi pale Kahama. Ulianza kuzalisha mwaka 2009, ukasimama 2021. Mtoto aliyezaliwa unaanza alikuwa bado hajafanya mtihani wa darasa la saba. Jaluba lako lina umri gani?

Na hao waliotegesha. Neno hili wasiolijua walijue. Kule Nyamongo, kwenye mgodi wa dhahabu mkoani Mara, limeshakuwa jina kabisa, nyumba ya tegesha: ukuta wa tofali moja, haina mlango, haina jiko, paa limekaa kama kofia ya kuazima, na nje mipapai imebanana kama sindano kwenye pakiti. Mthamini si kipofu. Ana picha za angani za kabla ya siku ya ukomo, na ana pua: nyumba inayokaliwa na watu inanuka moshi. Baadhi yao watalipwa, siwezi kukudanganya, maana kuna wenzetu wa taaluma waliokula nao. Lakini wengine watafutwa kwenye jedwali, watapinga, na ubishi wao ndio mara nyingi unaochelewesha wote mliomo. Wacha wakucheke.

SWALI: Mzee, ukoo wetu una makaburi tisa ndani ya eneo la shimo. Wazee wanataka mbuzi na pombe ya tambiko kabla ya kuyagusa. Afisa aliyekuja anasema mgodi haulipii mila. Kweli? – Mjukuu, Mara

JIBU: Si kweli, mjukuu. Tuna Sheria ya Kuondoa Makaburi tangu mwaka 1969, na kwenye gharama zinazolipwa mna kufukua, kusafirisha, kuzika upya, pamoja na taratibu za kutuliza waliolala hapo. Wazee wasikilizwe gharama yao ni kiasi gani, iandikwe, isainiwe. Kazi yenu ngumu iko kwingine. Makaburi mawili matatu yana saruji na msalaba, hayo kila mtu anayaona. Yaliyobaki ni jiwe tu, au mti uliopandwa kichwani. Mchukueni mzee anayeyajua angali na nguvu za kutembea, aoneshe moja moja, mpigilie vigingi, muandike jina la marehemu na la mtoto wake. Kaburi ambalo halikuoneshwa litaliwa na tingatinga, na baadaye hamtakuwa na cha kulidai.

SWALI: Nimepanga fremu ya duka kwenye kijiji kinachohamishwa. Mwenye nyumba atalipwa. Mimi je? – Muuza duka

JIBU: Nyumba ni yake, faida ni yako. Kanuni zinatambua faida inayopotea: faida halisi ya mwezi, mara 36. Tatizo ni ushahidi. Kusanya leseni ya biashara, karatasi za makadirio ya kodi ya TRA (Mamlaka ya Mapato) na risiti za jumla ulikonunulia mzigo. Kama mauzo ya kila siku huandiki, nunua daftari uanze jioni hii, kisha mwambie mtendaji uandikwe kwenye orodha ukiwa mpangaji mwenye biashara, kabla wathamini hawajafika na kibao chao.